Harufu ya Samaki Dukani kwa Papa Kambale

Mdogo wangu Baraka,

Sijamwambia mtu mwingine: kila nikiwasha chuma cha kulehemu, mikono inatetemeka. Huku Kashuga tuko wazima, Mama amevuna maharagwe. Uliuliza kama kazi niliyoanza baada ya shule inanifurahisha. Inanifurahisha, lakini ninaiogopa.

Vita iliporudi, mimi na Papa Kambale, fundi anayenifundisha, tulijifungia dukani kwake mchana, tukitengeneza ordinateri ya zamani, kompyuta ya dispanseri. Vikopo vidogo vinavyotunza umeme vilikuwa vimevuja na kula kibao chake. Maji yale yakipata moto hutoa harufu ya samaki. Nilikuwa nimeizoea, nikasahau kwamba barabarani kuna watu wenye njaa na bunduki.

Mlango ulipigwa teke, akaingia mtu mwenye bunduki.

"Munakaanga samaki humu! Leteni!"

"Chefu, mkubwa wetu, hatuna samaki," alisema Papa Kambale.

"Munanifanya mujinga? Harufu njo hii!" Akamwekea bunduki kifuani.

Unajua sijui kusema mbele ya watu. Nilikigusa kibao tena kwa chuma cha moto, nikakiinua hadi puani kwa yule mtu. Alinusa, akakohoa, akacheka.

"Mutoto, samaki yako imeoza!" Akaenda zake.

Tulimaliza kazi jioni, mimi nikilehemu viungo vya mwisho. Nadhani hata mkono unaoogopa unaweza kulehemu vizuri.

Mama anaamini siku ile nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Akijua, hataniruhusu kurudi dukani. Tafadhali, ibaki kwetu wawili.

Dada yako