Maji Husemwa Kooni

Mwaka umetimia, mjukuu wangu Mwanamvua binti Hasani, tangu tukuzike hapa Naipingo, Oktoba 1954. Ulikuwa na miaka kumi na tisa.

Hukusikia tangu utotoni, na mkono wako wa kushoto ulizaliwa umelemaa. Ngumi ya kulia ndiyo ilikuwa maneno yako. Ukiiweka tumboni, umeshiba. Ukiigusisha kooni, unataka maji. Kwenye paji la uso, unamtaja mjomba wako Kaimu, kwa ajili ya kovu lake. Nyumba nzima tulikuelewa.

Kwa mkono huo mmoja uliokota korosho ukatushinda sisi wa miwili. Ulinitoa miiba miguuni kabla sijaomba.

Siku ile ya wageni ulimwita mjomba aje kula. Ngumi ikaenda kwenye paji, wageni wakacheka.

"Ananicheka kovu mbele za watu!" akasema Kaimu, akakupiga mchi bega la kulia.

Kesho yake ulimpelekea uji. Lakini mkono haukupanda tena kupita kifua.

Homa ilipokushika, mimi nilikuwa Matambarale kwa mwanangu Fatu, aliyejifungua. Ulibaki na Swaumu, mama Shaban, mke wa mjomba wako. Uliinua ngumi, ikaishia kifuani.

Jirani yetu Letisia alikuwapo. "Mama Shaban, si anaomba maji huyo?"

"Najua, dada. Maji husemwa kooni. Apandishe mkono, nimpe."

Akacheka. Letisia alikuletea kata ya maji, akafukuzwa mlangoni. Ulikaa hivyo siku mbili.

Nilipofika, midomo yako ilikuwa imepasuka. Nikakuinamia nikuone vizuri. Hukuhangaika kuinua mkono. Uliifikisha ngumi pale ilipoweza kufika, kwenye koo langu mimi.

Nilikunywesha kwa kijiko. Ulimeza vitatu. Cha nne kilitiririka shingoni.

Tunaokukumbuka ni mimi bibi yako Sabaha. Mama yako mdogo Fatu, na binti yake tuliyempa jina lako. Na Letisia, aliyekuletea ile kata.

Kaimu na Swaumu wametaka majina yao yawemo. Yamo.

Ngumi yako ningali naisikia kooni, Mwanamvua. Maisha hatutakusahau.