Redio ya Baba Chumbani

Shoga usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Unamjua kaka yangu na ufundi wake wa redio. Leo mchana kaitoa ile redio ya marehemu baba, kaiweka kati ya stesheni mbili ikorome tu, eti roho za wafu hupitia hapo. NIMECHEKA. Na bado nikamsaidia, mjinga mimi.

Kaisukuma ndani ya chumba cha baba pamoja na simu yangu, kwa kunyoosha mkono tu mlangoni. Eti tukiingia tutavuruga. Tukakaa sebuleni na simu yake, alishaipigia yangu na kuipokea, zote mbili kaziweka spika.

Tumezima feni. Tumechomoa friji. Mama tulijua yuko kwa jirani, na tangu msiba hajakanyaga chumba kile.

Kaka akauliza, "Baba, upo?"

Mkoromo tu. Kisha mtu akanong'ona: "Hayupo."

HAYUPO. Shoga, nywele zilinisimama. Kaka kanishika mkono mpaka kucha zimeingia.

Akauliza, sauti inakatika, "Yuko wapi?"

"Sijui. Namwita kila siku, haitiki."

Tukakimbia, tukafungua mlango. Mama!! Kaketi sakafuni nyuma ya kitanda, kavaa koti la baba.

Kaka akaanza kuomba radhi, akainama aizime redio.

Mama akamshika mkono. "Iache kwanza."

Nakuandikia hapahapa sakafuni, tuko watatu. Bado inakoroma. Hakuna anayethubutu kuizima.