Ngoma Zisizopashwa Moto

Marahaba, Neema. Shikamoo yako imefika hapa ughaibuni, Rexdale, na sote wazima. Mama yako bado ana shifti za ghalani. Mdogo wako nikimsemesha ananijibu Kiingereza.

Umeniuliza kwa nini mwalimu wako huko Japani, mzee wa rika langu, bado anakasirika akikumbuka askari wa kigeni walioitawala nchi yao baada ya vita, wakapiga marufuku shuleni mchezo wa upanga anaokufundisha. Unasema mbona mchezo wenyewe uliruhusiwa tena, yakaisha?

Yakaisha wapi! Nilipokuwa msichana, enzi za mkoloni, mwalimu mkuu wetu Mzungu alizifungia ngoma zetu stoo, eti ushenzi. Siku alipokuja mgeni wa serikali, akazitoa mbio.

"Haya, pigeni!"

Tukamwomba tuzipashe moto kwanza, maana ngozi ya baridi hailii. Akakataa. Tukapiga hivyo hivyo, zikatoa sauti kama maboksi matupu. Mgeni akacheka: "Kumbe ni hivi tu?" Mwalimu akacheka naye.

Baadaye ngoma tulirudishiwa. Kicheko kile bado kinanichoma, na sina mpango wa kupoa. Msalimie sana mwalimu wako, na usithubutu kumwambia asahau.

Bibi yako