Sufuria Isiyokombolewa

Mihayo, mtani wangu,

Zamani barua tulikuwa tunazianza hivi: mimi huku mzima, wasiwasi ni juu yako uliye mbali. Leo nageuza. Wewe huko uko salama, huna sukari, huna presha, huna theluji ya kuzoa mlangoni. Wasiwasi wote umebaki kwangu. Naogopa, bwana. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, herufi zangu zinakwenda kama kuku aliyekatwa kichwa, maana lile dude lako liko hapo juu ya jiko na linapumua.

Usicheke. Najua unacheka. Mnyamwezi hata ukimfukia, meno yanabaki nje.

Ngoja nikueleze toka mwanzo, maana uliondoka katikati ya hadithi, kama kawaida yako.

Siku ya msiba wako, majani yalikuwa ndiyo yanapukutika, mimi nilikuja kutimiza wajibu. Mzaramo amefiwa na Mnyamwezi wake, atakaa kwenye kochi na sahani ya keki kama mgeni? Haiwezekani. Nilikuiga unavyotembea, mguu wa kulia unatangulia na wa kushoto unadai ruhusa. Nikauliza watu waliokuwa pale, nani atanibebea mizigo yangu sasa, mpagazi wangu ndiyo huyo kalala na viatu. Halafu nikaingia jikoni kwako nikapora kitu ulichokipenda kuliko vyote. Nikaibeba sufuria yako ya presha, nikaivaa kichwani kama kofia ya polisi, nikasimama mlangoni. Nikasema: "Hatoki mtu hapa, na marehemu hazikwi, mpaka sufuria hii ikombolewe kwa jogoo!"

Kwetu wangenirukia. Shangazi zako wangenitukana mpaka babu yangu wa saba ageuke kaburini, jogoo angeletwa kafungwa mabawa, tungevutana, tungecheka na kulia kwa pamoja, na sufuria ingerudi kwenu. Hapa Saint Paul, Marekani hii, Mihayo, watu walinyamaza. Vijana wakatoa simu wakanipiga picha. Yule mpwa wako Paulo akaja kutoka Fridley na shati lake la kazini, akanikumbatia, machozi yanamtiririka, akaniambia: "Chukua tu, mjomba. Hata yeye angependa ubaki nayo."

Chukua tu! Nilisimama pale na sufuria kichwani. Mtoto hajui kwamba mtu akipora anatakiwa ajibiwe. Utani wa mtu mmoja ni wazimu, bwana. Siku ile ndiyo nilijua umekufa kweli. Hospitali nilikuwa bado sijaamini.

Sasa mbaya zaidi, Bi Odessa, jirani yetu wa ng'ambo ya koridoni, alikuwa amekaa pale kwenye kiti na mkongojo wake. Akaniona na lile dude. Akasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Vizuri. Kwa hiyo kunde za mwaka mpya utapika wewe."

Mimi ningesemaje? Mimi niliyemfukuza simba Kisarawe kwa mwiko wa ugali, mbele ya watu, niseme naogopa sufuria? Nikamwambia: "Mama, kunde zile mimi ndiye niliyemfundisha Mihayo." Samahani. Ilitoka yenyewe. Wewe ulikuwa umelala hapo hapo sebuleni, ungeweza kukohoa kidogo unikatalie, ukakaa kimya. Kwa hiyo tumeshirikiana.

Na unajua kwa nini naliogopa lile dude. Wewe peke yako ndiye uliyejua. Watu wengine nawaambia kovu la mkono huu nilipewa na chui, na Bi Odessa nimemwambia chui wawili. Wewe nilikusimulia ile ya mlima Kitonga, mimi utingo kwenye lori la magunia, dereva wetu kafungua rejeta bado la moto. Ule mvuke, Mihayo. Ile sauti. Mtu mzima anaanguka barabarani anaita mama yake. Toka siku ile kitu chochote kilichofungwa kikachemka ndani, mimi nakaa nacho mbali. Ndiyo maana kila mwaka mpya ukipika mimi nilikuwa nasimama koridoni. Nilikuwa nakwambia nalinda mlango wezi wasiingie. Ukanijibu: "Linda, Mzaramo, linda. Mwizi akija mpe salamu zangu." Hukunitangaza hata siku moja. Mtani wa kweli anajua pa kupiga na pa kuacha.

Basi baada ya msiba Bi Odessa akaanguka bafuni. Wakamlaza hospitali. Amerudi juzijuzi, Mihayo, na nikikwambia amekonda usifikirie kukonda kwa kawaida. Yule mama aliyekuwa akipita koridoni ukuta unasogea! Sasa nguo ndiyo inambeba yeye. Chakula hataki. Zainabu binti yangu amekuja kutoka Maplewood na supu, Bi Odessa kaonja kijiko kwa heshima, akaishukuru supu kama mtu anayemsindikiza mgeni. Nesi anayekuja kumpima uzito amesema mbele yangu, kama uzito hautapanda watampeleka nyumba ya wazee. Zainabu ndiye aliyenitafsiria, na aliponitafsiria alikuwa ananitazama mimi, si mgonjwa.

Nikamuuliza Bi Odessa, kwa Kiingereza changu kile cha kuokota, utakula nini wewe mwanamke? Akatazama dirishani. Akasema: "Kunde za Mihayo. Mwaka mpya bila kunde kwetu Misisipi hakuna mwaka. Kama hakuna mwaka, nile ili iweje?"

Sasa unaona nilipo. Nikiacha kupika, anaondoka. Nikipika, napasuka. Na akiondoka yeye, kwenye jengo lote hili atakayegonga mlango wangu ni nani? Mtu wa kutangaza dini na mtu wa kupulizia mende.

Leo asubuhi, mwaka mpya wenyewe, nikaamka nikasali, nikavaa koti la baridi humo humo ndani ya nyumba, na glavu, na kofia. Zainabu aliniambia kwenye simu: "Baba, ni kunde tu." Nikamwambia, mwanangu, hata mamba ni mjusi tu.

Nilikuwa nimeziloweka toka jana kama ulivyokuwa unafanya. Zikavimba, zikanitolea yale macho meusi yote, bakuli zima linanitazama kama mashahidi mahakamani. Nikakaanga kitunguu, hoho, seleri, kitunguu saumu. Nikatia paja la bata mzinga la moshi. Hapo nilikukumbuka sana. Bi Odessa kakufundisha kwa mguu wa nguruwe, ukasema hapana, jirani yangu Mwislamu, nitafute moshi mwingine. Ukazunguka na treni mpaka Minneapolis kwenye baridi ile kutafuta bata wa moshi, uliporudi ukanitupia mfuko ukasema: "Kula, mtumwa wangu, usije ukasema Mnyamwezi amekunyima pepo."

Haya. Mpaka hapo mambo mazuri. Ndipo mkono wangu, Mihayo, sijui nani aliutuma. Uliniambia miaka yote, kunde za Misisipi zinataka maji na moshi, basi. Lakini mimi mtoto wa Pwani, nikiona kunde mkono unatafuta nazi. Nikafungua kopo la tui, nikamimina. Nikaona moja dogo, nikamimina la pili. Sufuria ikajaa karibu na mdomo, na mimi nikajisifu: "Leo Misisipi watakula kunde za Kizaramo, watahama." Nikafunga kifuniko, nikaweka juu kile kichuma cha kuzibia kitundu cha mvuke, nikawasha moto mkubwa, nikakimbilia koridoni kulinda mlango.

Ikaanza kuunguruma. Sawa. Ikatoa povu jeupe pembeni. Ikapiga chafya. Halafu ikanyamaza.

Unakumbuka ulivyokuwa unasema? "Likipiga kelele usiogope. Likinyamaza ndiyo uogope." Mimi nilidhani ni maneno ya kupendezesha mapishi. Bwana, ule ukimya! Kichuma hakichezi. Moto unawaka. Kifuniko kimevimba, au macho yangu ndiyo yalivimba. Nikajua tui limepanda na maganda ya kunde limeziba kile kitundu, na mvuke umo ndani unatafuta pa kutokea. Nikaiona Kitonga pale pale, hapo kwenye mlango wa jikoni, na theluji nje ya dirisha.

Nikachukua fagio nizime jiko kutoka mbali kwa mti wa fagio. Nikasukuma kile kitufe. Kikazunguka upande wa kuongeza. Weee! Nikapiga ukelele ambao simba yule wa Kisarawe angeusikia angenionea huruma. Nikakuita, Mihayo. Nilikuita kwa jina lako, na la baba yako, na matusi yote ninayokudai. Nilitegemea ujibu.

Nikaingia kwa magoti. Mzee mzima, na koti, na glavu, mfuniko wa sufuria ya wali mbele ya uso kama ngao. Nikatambaa mpaka kwenye jiko, nikanyoosha mkono, nikazima. Sikuigusa tena. Nikalala pale sakafuni, moyo unapiga mdundiko. Sikuwa nawaza kufa. Nilikuwa nawaza nikifa hapa, atajua nani, na lini? Wewe ndiye uliyekuwa unanigongea kila asubuhi, "Mzaramo, umekufa au umelala?" Hakuna anayeniuliza hivyo tena. Hilo ndilo linalonitisha, kuliko mvuke, kuliko Kitonga. Nimekwambia, basi. Usimwambie mtu huko.

Nikasikia mlango. Kwanza vile vigurudumu vya kitembezi, halafu ile sauti: "Mzee, unapigana na nani humo?"

Bi Odessa! Mwanamke ambaye toka atoke hospitali hajavuka kizingiti chake, kavuka koridoni na gauni la kulalia. Akanikuta sakafuni na ngao yangu. Nikamwambia natafuta kitufe kilichoanguka. Akatazama jiko. Akatazama koti. Akavuta kiti akakaa akasema: "Iache ipoe yenyewe. Usiiguse." Tukakaa. Hakuniuliza tena. Mimi nikakaa chini miguuni pake kama mtoto wa madrasa, tunaisikiliza sufuria, mpaka kile kidude kidogo cha kufungia kikashuka chenyewe na roho yangu ikapanda.

Tulipofungua, Mihayo, usiombe. Uji wa kijivu. Chini kumeungua kama lami. Akachukua kijiko, akaonja. Akafumba macho. Mimi nikajua hapo ndiyo mwisho, hata kunde zimemshinda. Akasema: "Sasa najua kwa hakika. Huyu hakumfundisha Mihayo chochote."

Halafu akacheka, bwana. Akacheka mpaka akashika mbavu, na mbavu zenyewe zinaonekana. Akaniambia nasikia harufu ya losheni ya nazi, Mzee, hiki ni chakula au ni dawa ya miguu? Nikamjibu kwao Misisipi hawajawahi kula kitu cha mjini. Akanijibu kwetu Kisarawe simba wanakufa kwa kula mapishi kama haya. Mihayo, nilitaka kulia. Alinijibu! Nimerusha, na kikarudi!

Akaniamuru nioshe dude. Akanionyesha kukitazama kile kitundu kwenye mwanga wa dirisha mpaka uone upande wa pili. Kunde zilizobaki bakulini, nusu ya sufuria, zisizidi. Tone la mafuta zisitoe povu. Paja la bata lililobaki. Kopo la tui lililobaki kalificha chini ya mto wa kiti chake, akanitazama jicho la polisi.

Ndiyo hii iko motoni sasa nikikuandikia. Yeye kakaa upande ule wa meza, shuka langu begani. Kichuma kimeanza kucheza, tsss, tsss, na kila kikicheza herufi yangu moja inaruka nje ya mstari, utaziona. Naogopa vile vile. Usidhani nimekuwa shujaa. Miguu yangu inatazama mlango. Lakini mlangoni sijaenda, maana nikienda yeye atabaki peke yake na dude, na hawezi kusimama haraka.

Sasa hivi kaniuliza naandika nini. Nimemwambia namwandikia Mihayo. Hakushangaa. Kasema nikupe salamu. Halafu kaitazama sufuria, akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejiambia mwenyewe: "Nusu sufuria haitoshi. Hizi ni za leo tu. Mchana ukiisha, loweka na za kesho."

Umesikia, Mihayo? Za kesho.

Basi lala, mpagazi wangu, tua mzigo, umebeba vya kutosha. Nakuahidi jambo moja na si la kujisifu, kwa hiyo liamini: asubuhi nitavuka koridoni, nitagonga mlango wake, nitamuuliza amekufa au amelala.

Mtani wako,
Kibwana