Tope la Mwaka Mzima

Jumatatu, 12 Agosti 2024, Uummannaq

Boya halipo! Kwa saa tatu nimezunguka na mashua mbele ya mto wa barafu, maji meupe kama uji, boya halionekani. Chini yake lilining'inia bomba langu la plastiki angavu, likikinga tope linaloletwa na maji ya barafu. Tabaka juu ya tabaka, tangu Agosti iliyopita. Bila tope hilo sina utafiti, sina shahada. Nimelia kidogo, nikala samaki mkavu, nikalala.

Jumanne, 13 Agosti

Bado. Huenda mlima wa barafu umelikokota. Basi tena.

Jumatano, 14 Agosti

Karamu ya kahawa kwa ba'mdogo Enok — mjukuu wake kaanza shule. Viatu vimejaa mlangoni, keki za aina tano. Ya tatu iko mdomoni, namsikia akiwasimulia wageni: Ijumaa kaona boya lenye alama ya marehemu kaka yake. Yaani baba yangu! Akadhani ni mshipi wa marehemu uliosahauliwa, akauvuta, mgongo ukimuuma, akijua anapata samaki aina ya halibuti.

"Kumbe tope! Kaka bado ananitania!"

Watu hoi kwa kicheko. Mimi keki imenikwama.

Kosa langu. Boya nililitoa stoo kwa baba, sikufuta alama. Na hapa kwetu, ukiona alama ya ndugu yako imeachwa majini, unavuta.

"Ba'mdogo, bomba liko wapi?"

"Ghalani."

"Limelala au limesimama?"

Akakuna kichwa. Likilala, mwaka wote unavurugika.

Tulikimbia na soksi! Limesimama — kalifunga kwenye nguzo kwa sababu sakafuni pamejaa makasha ya samaki. Matabaka yote yapo: la baridi jembamba kama ukucha, la kiangazi hiki nene kama vidole vitatu, kwa jinsi barafu ilivyoyeyuka kwa fujo. Nikalibusu bomba.

"Mchumba wako anajua?" akauliza mama mdogo Bibiane.

Alhamisi, 15 Agosti

Bomba jipya tayari. Nataka kufuta alama kwenye boya, ba'mdogo kaninyang'anya kitambaa. Alama ya kaka haifutwi, kasema. Akaikoleza kwa rangi nyekundu. Nikamwacha. Nampenda mzee huyu.

"Lakini binamu zangu wote wenye mashua wanaijua!"

"Si uwaandikie?"

Nikaandika chini yake: HAKUNA SAMAKI. Kacheka mpaka kakaa chini.

"Baba yako alikuwa akisema hivyo hivyo kila alipopata pahali palipojaa samaki! Sasa ndiyo watavuta, mwanangu."

Nimekaa na brashi, rangi inadondokea buti. Niandike nini sasa —