Baba, Kofia Hakupotea

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu asubuhi ile uliposema unajinyoosha kidogo kabla ya kwenda kazini, na hukuinuka tena. Brashi zako bado zimesimama kwenye kopo pale dirishani. Mama huzifuta vumbi kila Jumapili, na hakuna anayeruhusiwa kuzisogeza.

Ulikuwa mchora mabango. Nusu ya maduka ya mtaa huu yanasomeka kwa mkono wako. Kutembea nawe kulikuwa kazi, maana ulisimama mbele ya kila bango la mtu mwingine, ukatikisa kichwa na kusema, "Herufi hizi zimelewa." Mwenye duka la mikate alipokuomba umwandikie "Mkate Moto Kila Saa", ulimuuliza kama kweli ni kila saa. Akacheka. "Mzee, andika tu, nani atakuja hapa na saa?" Ukarudisha kifuniko kwenye kopo la rangi. Bango lile linasema "Kila Asubuhi" hadi leo.

Tulikulia chini ya sheria hiyo yako: uongo hauandikwi ubaoni. Ndiyo maana barua hii imetuwia nzito.

Unaikumbuka siku tuliyokwenda kwenye kituo cha wanyama walioachwa? Kaka alitaka mtoto wa mbwa. Mimi nilimtaka yule mweupe aliyeninyooshea mguu. Wewe ulipita vizimba vyote ukakomea cha mwisho, ambako mbwa mmoja wa kahawia, mweusi kichwani tu, alikuwa amelala ametugeuzia mgongo. Hakubweka wala hakuinuka. Ukachuchumaa.

"Huyu hajiuzi," ukasema. "Nimempenda."

Msimamizi wa kituo, mama aliyevaa mabuti ya mpira, alikuonya. "Mzee, huyo amesharudishwa mara mbili. Ana nguvu, anavuta."

"Basi ya tatu haipo."

Pale kituoni mbwa hatoki kwa saini ya mtu mmoja. Kila mtu wa nyumba hushika kamba, humzungusha mbwa uwanjani, kisha huweka saini. Tulizunguka wote wanne. Mama alisema hajatoka jasho namna ile tangu siku ya harusi yake. Tukasaini mmoja baada ya mwingine, wewe wa mwisho, kwa herufi zako za bango, nzuri mno kwa fomu ile. Tukamwita Kofia kwa ajili ya kichwa chake.

Kwa miaka miwili alikuwa wako. Alilala chini ya ngazi ukiwa kazini, akarudi nyumbani na mkia wa rangi. Ulizungumza naye kama mteja msumbufu: "Bwana Kofia, bluu hii waionaje? Sema mapema, baadaye sirudii."

Kisha siku moja ulirudi peke yako, kamba mkononi. Ukasema amekuponyoka njia panda, akakimbia.

Tulimtafuta wiki tatu. Kaka, kwa kuwa ni kinyozi, aliuliza kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake. Mama aliacha geti wazi na bakuli la maji kando yake. Mimi nilipita mitaani nikiita jina lake, mpaka jirani mmoja akapaza sauti dirishani, "Binti, hizo kofia zako ni za saizi gani?" Uliangua kicheko, Baba. Halafu ukaita pamoja nami. Ukachora na bango, AMEPOTEA, kwa rangi nyekundu, na sura yake chini, hata ule unywele mmoja mweupe wa puani hukuusahau. Watu walisimama kulitazama. Hukuwahi kuchora bango zuri kama lile.

Miezi mitano baadaye tukakuzika.

Mwezi uliopita tulirudi kituoni, kwa sababu Mama alisema nyumba imenyamaza mno. Safari hii alichagua yeye: jike mzee, mpole, sikio moja limekatika. Msimamizi wa mabuti akafungua daftari, akasoma, akaacha kusoma.

"Nyinyi ndio watu wa Kofia?"

"Alipotea," Mama akasema.

"Hakupotea, dada yangu. Alirudishwa."

Akatugeuzia daftari. Saini moja tu, kwa herufi zako za bango. Kwenye nafasi ya sababu uliandika: "Siwezi tena kumshika. Nimeanguka mara nne."

Mara nne, Baba. Lile jeraha la kiwiko ulituambia ni la ngazi.

Msimamizi alisema Kofia alipata nyumba nyingine, anapendwa, na tusimuulize ni wapi. Tulifurahi, na furaha yenyewe ikatuchoma.

Tangu siku hiyo tumekasirika. Duka la Kaka hufunguliwa saa tatu. Angeweza kumtembeza saa kumi na mbili kila asubuhi. Mimi nilikuwa nyumbani nikisubiri matokeo ya chuo. Tulikuwa watu watatu wenye miguu mizima, na hukutuuliza hata mmoja. Uliona aibu tujue umeishiwa nguvu, ukaona heri tuzunguke mitaani tukimtafuta mbwa uliyemkabidhi kwa mkono wako mwenyewe. Na kama tungejua unaanguka, tungekupeleka hospitali siku hiyo hiyo. Sisemi ungepona. Nasema ungetupa nafasi ya kujaribu.

Nilipoanza kuandika kumbukumbu hii, Shangazi alisema ya nyumbani yabaki nyumbani, marehemu hawezi kujitetea. Mama ndiye aliyeniambia niandike. "Alinitazama nikijaza lile bakuli maji kila siku," akasema. "Andika."

Nyumba iliyorudisha mbwa haipewi mwingine mpaka ijieleze. Wiki iliyopita tuliitwa, sisi watatu, tukaketi kwenye benchi mbele ya msimamizi. Yule jike alikuwa amelala mlangoni, na Mama hakuacha kumtazama.

"Mzee alikuwa mtu mwema," msimamizi akasema. "Lakini na mimi alinidanganya. Aliniambia nyumba nzima imekubali. Sasa nitajuaje kwamba safari hii mtu akishindwa, atasema?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kuhusu utu na wajibu wetu kwa viumbe. Lakini Mama ndiye aliyefungua kinywa.

"Goti langu la kushoto ni bovu. Ngazi za nyuma nazishuka nimekaa, kama mtoto. Ni miezi sasa. Hawa hawajui."

Tukamgeukia. Kaka akakohoa.

"Mimi nawaogopa mbwa wakubwa," akasema. "Hata Kofia nilimwogopa. Nilikuwa najitia shughuli tu."

"Wewe?" Mama akashangaa. "Na madevu yote hayo?"

Nami nikasema kwamba nimepata kazi mji mwingine, naanza mwezi ujao, na barua nimeificha chini ya godoro siku tisa kwa kuogopa uso wa Mama. Mama alinishika mkono, akaubana hadi ukauma, kisha akauliza kama huko nitapata chumba chenye dirisha.

Msimamizi aliandika yote nyuma ya fomu, maana mbele hapakuwa na nafasi ya mambo kama hayo. "Huyu havuti," akamwambia Mama. "Mtakwenda mwendo mmoja." Kamba akampa Kaka kwanza, naye akaishika kama mtu aliyeshika waya wa umeme. Tulicheka hadi yule jike akainua kichwa kuona kuna nini. Jumamosi anakuja nyumbani.

Baba, ilichukua dakika kumi. Mama hakupungua kwa goti lake, wala Kaka kwa woga wake. Dakika kumi kama zile ndizo ulizotunyima, na hizo bado hatujaweza kukusamehe. Tunajaribu. Ulikuwa mtu mwema, na ulitudanganya, na tumeacha kuchagua lipi kati ya hayo mawili ndilo wewe.

Unakumbukwa na mkeo, mwanao kinyozi, binti yako niliyeandika haya, na dada yako, ambaye bado ananuna kwamba yameandikwa.

Hatutakukumbuka nusu. Tutakukumbuka daima mzima mzima, na hili likiwemo.