Mti Ulio Nyuma ya Nyumba na Jina Lake

Papa mpendwa,

Ule mti wako nyuma ya nyumba bado umesimama. Kibati ulichokata kwenye kopo la mafuta bado kimepigiliwa pale, kikiwa na lile jina la Kilatini ulilotukaririsha sote, wanao na wanafunzi wako. Mimi, kichwa kigumu kama mawe ya Kabimba, lilinichukua fimbo nyingi kuliko wenzangu. Sikujua kama siku moja ningelitaja mbele ya daktari.

Feza, mkwe wako, yuko hospitali. Tumbo lilimuuma, akachemsha majani ya mti huo kama tulivyozoea. Kesho yake macho yakawa manjano. Daktari, binti wa umri wa kitindamimba wetu, akaniuliza, "Papa, mulimupa dawa gani?"

Nikalitaja jina kifua mbele, utadhani mimi ni profesa. Akatafuta kwenye simu.

"Papa, hili jina halimo."

Nikakuwazia mabaya, unisamehe: kumbe mwalimu alijitungia? Na kama jina ni la uongo, mke wangu alikunywa nini?

Daktari akatuma picha za majani na maua kwa mtaalamu wa mimea, Lubumbashi. Tukangoja. Nikakumbuka ulivyosimulia homa yangu ya utotoni, isiyosikia dawa, hata ukaninyang'anya jina la kwanza ukanipa hili. "Jina likimukatala mutoto, tunabadilisha jina. Mutoto tunabakisha." Nilikuwa nakucheka.

Jibu likaja. Wataalamu waliuhamishia mti wako kwenye ukoo mwingine, wakaupa jina jipya. La kwako lilikuwa la kweli, limezeeka tu, kama mimi. Daktari akasoma yote yaliyoandikwa chini ya jina hilo jipya.

"Si haya majani njo yanamugonjesha, Papa."

Nikashukuru. Halafu nikaelewa. Kama si majani, ni nini? Vipimo vimepelekwa, majibu bado. Mti umepata jina. Ugonjwa wa Feza hauna.

Basi leo asubuhi, mimi niliyekucheka, nimeinama sikioni pake nikamwita Ngoie, jina la mama yako. Akafumbua jicho moja.

"Ee! Leo niko mama ya papa yako? Basi uniogope."

Naogopa, Papa. Naogopa sana.

Mwanao,
yule uliyembakisha